Theluji Kibo alfajiri ya tarehe 18 Julai: programu tatu, majibu matatu

NahodhaRaskazone, 11 Julai, saa 2:15 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Tuko sita, tunaondoka Tanga tarehe 13 na kuingia mlima Kilimanjaro kwa lango la Marangu tarehe 14. Tunalala vibanda vya Mandara siku moja, vya Horombo siku mbili ili mwili uzoee, tarehe 17 tunafika vibanda vya Kibo, chini ya kilele cha jina hilo, na usiku huohuo tunaanza safari ya kileleni. Kwa hiyo saa zinazonihusu ni kuanzia saa 6 usiku wa tarehe 17 hadi saa 4 asubuhi ya tarehe 18.

Nimefungua programu tatu za hali ya hewa kwenye simu. Ya kwanza inatoa theluji sentimita 18 kileleni kwa siku tatu, tarehe 16 hadi 18. Ya pili inatoa sifuri. Ya tatu inatoa sentimita 2, baridi ya nyuzi 9 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 35 kwa saa. Ile ya kwanza jana asubuhi ilikuwa inasema sentimita 4, jioni ikaruka hadi 18.

Huku mjini upepo wa kusi haujapumzika wiki nzima, rasharasha kila alfajiri, na Lushoto wanalia na baridi. Je, baridi hii ya kipupwe inaongeza uwezekano wa theluji Kibo? Na kati ya programu hizi nishike ipi, au nitazame kitu gani badala yake? Naomba namba, nisiambiwe tu "jiandaeni kwa lolote".


MpimaMvuaMuheza, 11 Julai, saa 3:40 usiku

Karibu sana mkuu. Zile sentimita 18 ziweke kando kwanza.

Programu ya simu yenyewe haitabiri chochote. Inachukua matokeo ya modeli kubwa za hali ya hewa, yaani hesabu za kompyuta za mwenendo wa hewa, na kuyapanga yapendeze machoni. Modeli za dunia nzima zinazotumika zaidi ni ya Ulaya (ECMWF) na ya Marekani (GFS). Programu mbili zikiwa zinachota kwenye chungu kimoja cha GFS, basi kwa programu zako tatu una mashahidi wawili tu. Ingia kwenye mipangilio ya kila moja uone inatumia modeli gani kabla ya kuzilinganisha. Programu ya Yr ya Norway, kwa upande wetu huu wa dunia, hutumia ya Ulaya. Windy inakuachia uchague mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mlima, maana kosa kubwa liko hapo. Modeli huigawa dunia katika vigae. Kigae cha modeli ya Ulaya kina upana wa kilomita 9 hivi, cha GFS kilomita 13, na data za GFS ambazo programu nyingi hupakua zimepunguzwa hadi robo nyuzi ya ramani, yaani karibu kilomita 28. Sehemu ya Kibo iliyo juu ya mita 5,000 ni ndogo kuliko kigae kimoja cha namna hiyo. Kwa hiyo kilele kinachanganywa na uwanda wa Shira, na tambarare iliyo kati ya Kibo na kilele cha pili, Mawenzi, na msitu wa chini, halafu kinagawanywa kwa wastani. Mlima unaotoka humo ni mfupi kuliko wa kweli kwa zaidi ya mita elfu moja.

Matokeo yake ni haya. Msitu wa upande wa kusini, karibu na mita 2,200, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kileleni hakufiki hata robo ya hiyo. Modeli haiwezi kuwatenganisha hawa wawili ndani ya kigae kimoja. Inatoa milimita 18 kwa kigae kizima. Programu inashusha joto kwa hesabu hadi mita 5,895, inakuta ni chini ya sifuri, na inaigeuza mvua yote ya msituni kuwa theluji ya kileleni kwa kanuni ya milimita 1 ya maji kuwa sentimita 1 ya theluji. Hivyo ndivyo sentimita 18 zinavyozaliwa Julai, na siku yenyewe ikifika Mandara wanalowa na Kibo iko juani.

Badala ya kusoma picha ya kiwingu chenye nyota za theluji, soma tabaka la hewa lenyewe. Kwenye programu inayoruhusu kuchagua kimo, weka hektopaskali 500, kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachotumika kutaja kimo. Baadhi huandika kando yake "mita 5,500". Hicho ni kipimo cha wastani wa dunia. Kwetu kwenye ukanda wa tropiki hewa ina joto na imetanuka, hivyo hektopaskali 500 iko karibu na mita 5,870, kilele chenyewe. Ni bahati nzuri sana kwa mtu anayeifuatilia Kibo, kwa sababu joto, upepo na unyevu wa tabaka hilo ndivyo vya Uhuru, ncha ya Kibo, bila kukisia. Hektopaskali 600 iko karibu na mita 4,400, chini kidogo ya vibanda vya Kibo. Hektopaskali 700 ni mita 3,150 hivi, kati ya Mandara na Horombo.

Andika namba tatu za unyevu, 700, 600 na 500. Kwa theluji ya maana zote tatu ziwe juu ya asilimia 80 kwa saa sita au zaidi mfululizo. Ikiwa 700 ni 90 na 500 ni 20, hiyo ni bahari ya mawingu chini ya miguu yenu na nyota juu ya vichwa.

Joto halina shida. Mfano: kama 500 inasoma nyuzi 6 chini ya sifuri, na hewa yenye unyevu hupoteza karibu nyuzi 6 kwa kila kilomita ya kupanda, basi sifuri iko kilomita moja chini ya hapo, mita 4,870. Chembe za theluji huendelea kushuka mita 200 hadi 300 chini ya mstari wa sifuri kabla hazijayeyuka zote, kwa hiyo mpaka wa theluji na mvua ni karibu mita 4,600. Vibanda vya Kibo viko mita 4,720: vitapata theluji mbichi, nzito. Horombo, mita 3,720, itapata mvua.


BintiPongwe, 11 Julai, saa 4:05 usiku

Shikamooni wakubwa. Naomba kueleweshwa kitu kimoja. Upepo wa kusi unatoka baharini umejaa maji, unapita kwetu, unapanda na bonde la mto Pangani hadi Moshi. Kutoka hapa hadi Kibo ni kama kilomita 295 kwa mstari ulionyooka. Ikiwa huku tunapata rasharasha kila siku na baridi imezidi, kwa nini maji hayohayo yasifike kileleni yakawa theluji?


UmandeWaAlfajiri, 11 Julai, saa 4:50 usiku

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo kiini cha mada yote.

Maji yanafika mlimani, ila hayapandi. Kipupwe huletwa na mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini mwa bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene. Ukiimarika, unasukuma hewa baridi na yenye unyevu kuja pwani yetu, ndiyo kusi unayoisikia. Lakini hewa hiyo ni nyembamba kwa kimo, kilomita mbili hadi tatu hivi kutoka usawa wa bahari. Juu yake kuna hewa nyingine inayoshuka kutoka juu. Hewa ikishuka hubanwa, ikibanwa hupata joto, na ikipata joto hukauka.

Mfikirie mtu anayepika wali wa kupalia. Sufuria imefunikwa, makaa yako juu ya kifuniko. Mvuke wa chini unahangaika lakini hautoki, kwa sababu juu kuna moto. Kusi iko hivyohivyo: hewa ya juu ina joto kuliko inavyostahili kwa kimo chake, basi wingu likipanda linagota hapo na kutanda pembeni. Wanaosoma vipimo vya puto wanaliona waziwazi: joto linashuka vizuri hadi mita 2,500 au 3,000, halafu linasimama au linapanda kidogo, na papo hapo unyevu unaporomoka.

Ndiyo maana Amani, inayoelekea bahari, inalowa. Mombo na Same zilizo nyuma ya milima zinakauka. Moshi inashinda chini ya wingu la kijivu. Na Kibo inatoka juu ya wingu hilo ikiwa kavu. Rasharasha zenu za alfajiri hutoka kwenye mawingu mafupi hayohayo. Hazina habari yoyote ya kilichopo mita 5,800.

Kuhusu baridi: joto la kileleni halibadiliki sana kwa mwaka. Wastani wake ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na tofauti ya mchana na usiku ni kubwa kuliko ya Januari na Julai. Kibo haijawahi kukosa baridi ya kutengeneza theluji. Inachokosa Julai ni maji. Theluji yake nyingi hushuka wakati wa masika na vuli, misimu ambayo sisi huku tuna joto na jasho. Vuli ya 1997, ya 2006 na ya 2019, bahari ya Hindi upande wetu ilipokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, ndizo misimu ya kukumbukwa kwa unyevu mwingi Afrika Mashariki.

Na hili linanigusa, nitalisema kwa kifupi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa 1.76. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Barafu kuukuu yenye vumbi hunyonya. Kila blanketi jipya, hata la sentimita chache, linaikinga barafu ya chini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama theluji itaanguka Kibo ameuliza jambo zito kuliko anavyodhani.

Kifuniko hufunguka lini Julai? Mara chache, pale mkondo wa hewa baridi wa tabaka la juu unapochomoza kutoka kusini mwa Afrika kuja kaskazini, au hewa yenye unyevu kutoka upande wa Kongo inapovuka. Dalili ni upepo wa 500 na 600: kwa kawaida ya Julai hutoka mashariki. Ukigeuka ukatoka magharibi, na unyevu ukapanda nao, kaa macho. Upepo ukigeuka bila unyevu, au unyevu ukipanda kwa saa tatu kisha ukatoweka, usiuhesabu.

Ushahidi ulio bora kuliko modeli yoyote ni puto. Dagoretti, Nairobi, hurusha puto lenye vipimo, na iko kilomita 200 na kitu kutoka Kibo. Chati yake hupatikana bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Wyoming. Tafuta mstari wa 500, soma joto la hewa na joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa umande. Tofauti ikiwa nyuzi 4 au chini yake, hapo kuna wingu au linakaribia. Ikiwa 10, hewa kavu. Ikiwa 20 na zaidi, ni kavu kama mkonge uliokwisha anikwa. Puto husoma hewa iliyopo sasa, halisemi ya wiki ijayo. Faida yake ni kukuonyesha modeli ipi inasema kweli leo. Modeli iliyokosea unyevu wa leo kwa asilimia 40 haistahili kuaminiwa kwa wa keshokutwa.


MpimaMvuaMuheza, 11 Julai, saa 5:20 usiku

Naunga mkono. Niongeze la muda, kwa sababu Nahodha alishangaa sentimita 4 kuwa 18 kwa nusu siku.

GFS huanza upya mara nne kwa siku: saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku kwa saa zetu, na matokeo hutoka kati ya saa tatu na nusu na tano baadaye. Ya Ulaya ina mizunguko miwili mikuu, ya saa 9 usiku na saa 9 alasiri. Ile ya usiku huwa tayari karibu na saa 3 au 4 asubuhi. Siku sita mbele kila mzunguko utaruka. Usifuate mruko mmoja. Andika mizunguko minne mfululizo kwenye daftari uone kama inakwenda upande mmoja au inayumba.

Kisha tafuta lile kundi la utabiri mwingi unaoendeshwa kwa pamoja. ECMWF huendesha modeli mara 51, kila moja ikianza na tofauti ndogo ya makusudi; GFS mara 31. Hesabu ni ngapi zinazotoa angalau milimita 1 katika saa zako. Hapo ndipo pana jibu la kweli la uwezekano. Wastani wa kundi usiutumie kwa theluji: zikiwa 46 kavu na 5 zinazotoa milimita 20, wastani ni karibu milimita 2, kiasi ambacho hakuna hata moja iliyokitabiri.


NjiaYaMarangu, 12 Julai, saa 1:30 asubuhi

Wakubwa wa angani wamesema yao. Mimi nazungumzia ardhini, kwa sababu sentimita 3 kwa saa mbaya zina hatari kuliko 15 kwa saa nzuri.

Toka vibanda vya Kibo hadi Gilman's, kituo cha ukingoni mwa kreta, ni kupanda karibu mita 965, sehemu kubwa ikiwa changarawe legevu. Usiku changarawe hiyo huganda na kushikana, mguu unapata pa kukanyaga. Ni sababu mojawapo ya kupanda usiku. Theluji kavu ya sentimita 2 hadi 5 iliyoanguka usiku huohuo haisumbui, inalia tu chini ya buti. Inayosumbua ni iliyoanguka mchana wa jana yake. Upande wa Marangu unatazama mashariki, unapigwa na jua toka asubuhi. Theluji inayeyuka juu, jioni inaganda, na usiku mnakuta kioo juu ya mawe. Kioo hicho huanza kuwa kibaya juu ya pango la Hans Meyer, karibu na mita 5,150, na sehemu ya mawe kabla ya Gilman's ndiyo watu huteleza. Kwa hiyo Nahodha, saa zako zisianze saa 6 usiku. Zianze saa 6 mchana wa tarehe 16. Mlimani mawingu hupanda mchana, theluji nyingi huanguka alasiri na jioni, usiku wa manane mbingu hufunguka.

Kutoka Gilman's mnafuata ukingo wa kusini kupitia kituo cha Stella hadi Uhuru. Julai jua la mchana linapita upande wa kaskazini, hivyo theluji ya huko kusini hukaa siku nyingi zaidi. Msishangae mkipanda pakavu mpaka Gilman's halafu mkute nyeupe huko mbele.

Vifaa. Kama kuna dalili ya theluji, kila mtu awe na minyororo ya viatu yenye meno, ile ya mpira unaovutwa juu ya buti. Ijaribuni Tanga juu ya buti lilelile mtakalovaa na soksi zote mbili; saizi ndogo hufyatuka kwenye kidole gumba mkiwa gizani na glavu mkononi. Ikifika kwenye jiwe tupu ivuliwe, meno huteleza kwenye mwamba. Vifuniko vya miguu kuanzia buti hadi chini ya goti vinazuia theluji na changarawe. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani: zikilowa haziwezi kukauka huko. Mitumba mizuri ya sufu na ya nailoni ipo, chagueni hiyo.

Boshori linalofunika pua. Glavu mbili, nyembamba ndani na nzito nje, ili kufunga kamba kusimlazimishe mtu kubaki mikono mitupu. Miwani ya jua ya giza kabisa yenye ubavu uliozibwa: saa 1 asubuhi juu ya theluji mpya bila miwani, jioni macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Chupa za maji zilazeni kichwa chini ndani ya soksi, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Mdomo ukiwa chini bado mtakunywa. Mfuko wa maji wenye mrija, mrija huganda kwanza. Simu na betri za tochi ya kichwani zikae kifuani chini ya jaketi.

Kuhusu ile namba ya nyuzi 9 chini ya sifuri na upepo wa 35: kwa kanuni ya kawaida ya baridi ya upepo inatoka kama nyuzi 19 chini ya sifuri. Kanuni hiyo imetengenezwa kwa hewa nzito ya chini. Huko juu hewa ni nusu, upepo unachota joto kidogo zaidi ya nusu yake. Lakini mwili nao una oksijeni nusu na unatembea polepole, kwa hiyo vaeni kwa 19.


NahodhaRaskazone, 12 Julai, saa 5:10 asubuhi

Nawashukuru sana. Nimefanya mlivyosema. Hizi ni za mzunguko wa saa 9 usiku wa leo, kwa ajili ya saa 9 alasiri ya tarehe 17:

Modeli ya Ulaya: unyevu 700 asilimia 90, 600 asilimia 35, 500 asilimia 20. Joto la 500 nyuzi 6 chini ya sifuri. Upepo wa mashariki, kilomita 20.

GFS: 700 asilimia 85, 600 asilimia 70, 500 asilimia 65. Upepo wa magharibi, kilomita 25.

Kundi la 51: saba ndizo zinazotoa milimita 1 au zaidi kati ya mchana wa 16 na asubuhi ya 18.

Puto la Dagoretti la usiku wa leo: 700 joto 9, umande 5. 600 joto 2, umande 18 chini ya sifuri. 500 joto 6 chini ya sifuri, umande 31 chini ya sifuri.

Na programu ya kwanza, ile ya 18, imeshuka hadi 7. Ni kweli inatumia GFS.


UmandeWaAlfajiri, 12 Julai, saa 6:00 mchana

Umesoma vizuri kaka. Tofauti ya 700 ni nyuzi 4, wingu lipo. Ya 600 ni 20, ya 500 ni 25. Kifuniko kimefungwa kabisa, na kimekaa kati ya mita 3,150 na 4,400. Sasa rudi kwenye GFS, soma unyevu iliokuwa ikiutoa kwa Nairobi kwa saa hiyohiyo ya puto. Ikiwa ilitoa 50 au 60 kwenye 500, basi ina ugonjwa wa kulowesha tabaka la juu wiki hii, na ule wa tarehe 17 ni ugonjwa huohuo.


NahodhaRaskazone, 12 Julai, saa 6:25 mchana

Ilitoa 48. Ya Ulaya ilitoa 17.


MpimaMvuaMuheza, 12 Julai, saa 7:45 mchana

Kwa joto la 6 chini ya sifuri na umande wa 31 chini ya sifuri, unyevu halisi ni karibu asilimia 12. Ya Ulaya imekosea kwa 5, GFS kwa 36. Kwa hiyo utabiri wangu kwa leo: saba kati ya 51, kama asilimia 14, na nisingeipandisha. Kama itaanguka, itakuwa alasiri ya tarehe 17, chini ya sentimita 2, na nyingi upande wa magharibi na kusini kama upepo utageuka. Usiku wenyewe uwe wazi, baridi kali, upepo wa wastani.

Kinachoweza kunibadilisha ni huo upepo wa magharibi wa GFS. Kama mzunguko wa Ulaya wa tarehe 14 na wa tarehe 15 nao ukiugeuza upepo wa 500 na kupandisha unyevu wa 600 kupita 70, uwezekano unaruka mara mbili au tatu kwa siku moja. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomeni pia, hasa taarifa za upepo mkali na mawimbi: wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa pwani, kusi imekaza na kifuniko kimekaza nayo.

Huko juu mtandao ni wa kubahatisha, tupange ujumbe mfupi. Mimi nitatuma kila siku saa 5 asubuhi, kuanzia tarehe 14, namba nne tu kwa mpangilio huu: unyevu 600, unyevu 500, upande wa upepo wa 500, na idadi kati ya 51. Kwa mfano "35 20 MSH 7", MSH ikiwa mashariki na MGH magharibi. Mkipata "80 80 MGH 25" mjue kiongozi wenu ajulishwe kabla hamjatoka Horombo.

Msipopata ujumbe, angalieni mbingu Horombo saa 10 jioni. Wingu likiwa chini yenu na Kibo ikiwa wazi, kifuniko kipo. Kukiwa na utando mwembamba wa mawingu ya juu sana unaotoka magharibi, jua limezungukwa na duara, na utando unazidi kuwa mzito kila saa, unyevu umefika tabaka la juu.


BintiPongwe, 12 Julai, saa 8:20 mchana

Na sisi tutakaobaki Tanga tutajuaje kama imeanguka kweli? Kibo haionekani toka huku.


MpimaMvuaMuheza, 12 Julai, saa 9:05 alasiri

Dada, kwa setilaiti. NASA Worldview, tovuti ya shirika la anga la Marekani, ni bure, picha kila siku. Usitumie picha ya rangi za kawaida, humo wingu na theluji vyote ni vyeupe. Chagua mchanganyiko wa bendi 7-2-1: theluji na barafu hutoka rangi ya samawati-kijani, mawingu mazito ya maji hubaki meupe. Chukua picha ya asubuhi, kabla mawingu hayajapanda kuufunika mlima. Leo hii, kabla ya chochote, hifadhi picha ya Kibo ilivyo, ili iwe ya kulinganishia. Bila hiyo barafu ya zamani itakudanganya kuwa theluji mpya.

Kwa undani zaidi ni setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, kupitia tovuti ya Copernicus Browser. Inaona vitu vya mita 10 lakini hupita kila siku tano, na siku hiyo mlima lazima uwe wazi. Humo kuna kipimo cha NDSI, kinacholinganisha mwanga wa kijani na wa infraredi, panapozidi 0.42 hesabu kuwa theluji. Fanya upesi: Julai jua na hewa kavu huila theluji ya sentimita 2 kwa siku moja au mbili, upande wa mashariki kwanza.

Nahodha, ombi moja kwenu mtakaokuwa huko. Chukueni kopo la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sentimita 10 na mzani mdogo wa jikoni wa betri. Ikianguka theluji vibanda vya Kibo, tafuteni mahali tambarare, mbali na mapaa na mbali na upepo unaorundika. Pimeni kina kwa rula sehemu tano, andikeni wastani. Didimizeni kopo mdomo chini mpaka ardhini, mpitishe bamba chini yake, mpime uzito wa theluji bila kopo. Kila gramu 7.85 ni milimita 1 ya maji. Sentimita 3 zenye gramu 16 ni milimita 2 za maji, maana yake kila milimita imetoa sentimita 1.5 na theluji ilikuwa kavu. Andikeni na saa ilipoanza, saa ilipokoma, na upande upepo ulikotoka. Mzani uwekeni kifuani pamoja na simu, betri zake zikipoa husoma uongo.


NahodhaRaskazone, 12 Julai, saa 10:30 jioni

Kopo lipo, mzani naazima. Rula nachukua ya chuma, sentimita 30. Nasubiri ujumbe wa tarehe 14.